Jinsi ya kupima mlinganyo unaodaiwa kuwa kweli daima

Nikipewa mlinganyo nikaambiwa ni identiti, yaani unakubali kila thamani ya herufi zilizomo, siharakishi kuuthibitisha. Kwanza nautafutia namba ya kuuangusha. Chukua (a + b)² = a² + b². Weka 1 mahali pa a na 1 mahali pa b: kushoto unapata 4, kulia 2. Kazi imekwisha. Kuvunja kunataka namba moja tu.

Kuthibitisha ndiko kugumu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa huu:

x³ + 11x = 6x² + 6

Nikajaribu 1, nikapata 12 pande zote mbili. Nikajaribu 2: 30 na 30. Nikajaribu 3: 60 na 60. Nikaandika kwa wino kwamba ni kweli daima. Laiti ningejaribu na 4, ningeona 108 kushoto na 102 kulia. Sababu yake naipenda mpaka leo: kipeo kikubwa (ile namba ndogo ya juu, kama kwenye x³) kikiwa 3, pande mbili zisizo sawa zinaweza kukutana kwenye thamani tatu tofauti, lakini haziwezi kukutana kwenye thamani nne. Basi, kama mlinganyo una herufi moja, vipeo vyake ni namba nzima na hakuna kugawanya kwa herufi, tazama kipeo kikubwa, ongeza 1, kisha jaribu thamani tofauti kwa idadi hiyo. Zikikubali zote, huo ni uthibitisho kamili.

Herufi zikiwa mbili, shika upande wenye mambo mengi, uufungue mpaka ufanane na wa pili:

(a + b)² − (a − b)²
= a² + 2ab + b² − a² + 2ab − b²
= 4ab

Angalia mstari wa kati. Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano imegeuza alama zote za ndani, na hapo ndipo wengi huteleza.

Usianze na kile unachotaka kukithibitisha kisha ukazidisha kila upande kwa wenyewe. −3 = 3 ni uongo, lakini ukifanya hivyo unapata 9 = 9, na uongo umepita.

Palipo na kugawanya, tafuta sifuri chini. (x² − 1)/(x − 1) = x + 1 ni kweli kwa kila x isipokuwa 1. Sharti hilo liandike palepale, kwenye mstari uleule: x ≠ 1.