Kuwinda elki Colorado kwa mara ya kwanza: tazama viza kabla ya kugusa bunduki

Ukitaka kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwenye milima ya jimbo la Colorado, usianze na bunduki, wala ramani, wala buti. Anza na karatasi zako za uhamiaji. Mlima utakuchosha tu, lakini sheria ya bunduki inaweza kukurudisha nyumbani na sanduku moja.

Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, H-1B ya kazi au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi. Soma tena: au risasi. Pakiti moja iliyosahaulika kwenye gari inatosha. Asiye na karatasi halali hana njia yoyote ya kupita. Mwenye grini kadi haguswi na katazo hili la viza. Kwa wenye viza umeachwa mlango mwembamba: leseni ya uwindaji iliyo hai, iliyotolewa kihalali hapa Marekani. Siku leseni inapoisha, mlango umefungwa, na bunduki iliyolala kabatini inageuka kosa la jinai. Kifungo chake kinafika miaka 15, na kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa nchini.

Hapa ndipo watu wananaswa. Leseni ya elki ni ya msimu wake tu, siku chache za Oktoba au Novemba. Bunduki unainunua Julai, unakwenda kulenga shabaha Agosti. Siku zote hizo una kinga gani? Kwa hiyo nunua kwanza leseni ya mwaka ya wanyama wadogo, ile ya sungura na ndege, inayodumu hadi tarehe 31 Machi. Leseni kwanza, bunduki baadaye. Ukiwa na ombi la hifadhi ya ukimbizi linalosubiri, au viza yako iko kwenye kubadilishwa, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote. Mwanasheria, si mjomba aliyekaa Minnesota miaka ishirini.

Wenyeji nao watakuponza bila kukusudia. Mmarekani wa huku milimani ni mkarimu sana, anakupa bunduki uijaribu kama anavyokupa sahani ya chakula. Ana nia njema, lakini sheria iliyo juu yake siyo iliyo juu yako. Mwambie hapana kwa adabu. Na ndugu wa nyumbani wanaoomba picha umeshika bunduki wakaionyeshe ukoo mzima, waeleze taratibu: "huko kila mtu ana bunduki" siyo kibali, na picha ya WhatsApp ni ushahidi.

Mambo ya kawaida ni mepesi. Aliyezaliwa kuanzia 1949 lazima awe na cheti cha usalama wa mwindaji. Leseni hutolewa na Colorado Parks and Wildlife. Nyingi huombwa kwa bahati nasibu, na mwisho wa kuomba ni mwanzoni mwa Aprili. Bei ya mkazi ni ndogo, ya mgeni wa jimbo ni zaidi ya dola 700. Usijiite mkazi kabla hujatimiza miezi 6 mfululizo; kudanganya hapo ni kosa jingine juu ya viza ileile.

Aliyezoea vitalu na vibali vya TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, atashangaa. Hakuna mwindaji bingwa wa kukuongoza wala askari wa wanyamapori kwenye gari lako. Na Mkenya ambaye nchi yake ilifunga uwindaji mwaka 1977 atahisi anafanya ujangili. Msitu wa taifa kama White River ni wa wote, muuguzi na dereva wa lori wanaingia sawa na tajiri, na kwa hilo nchi hii inastahili sifa. Ila mwenye shamba binafsi halazimiki kuweka bango. Pakua kwenye simu ramani ya mipaka inayofanya kazi bila mtandao. Ukivuka kwenda jimbo jirani la Wyoming, asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya eneo la nyika linalolindwa na shirikisho bila kiongozi au mwenyeji wa kufuatana naye.

Msimu wa bunduki vaa kofia na kizibao cha rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, inchi za mraba 500 juu ya kiuno. Yenye mabaka ya kijeshi haihesabiki. Bunduki ya risasi za ukubwa kama .308 au .30-06 inatosha, na ndani ya gari chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe tupu. Fanya mazoezi ukiwa umeketi na umepiga goti hadi upige shabaha ya ukubwa wa sahani ya chakula umbali wa mita 200 kila mara. Lenga mapafu, nyuma ya bega. Fika siku mbili kabla, maana kwenye mita 3,000 kichwa kinauma na pumzi inakata.

Kazi halisi huanza mnyama akianguka. Dume lililokomaa linamzidi nyumbu, kilo 300 na zaidi. Jaza tagi, kile kipande cha leseni cha kufungwa kwenye mzoga, na uikate papo hapo. Chuna mara moja: ngozi na manyoya hushika joto, na nyama ya paja huoza kuanzia kwenye mfupa hata kukiwa na theluji. Toa mapaja, mikono, sarara na misuli ya ndani ya mgongo, tia kwenye mifuko ya kitambaa, tundika kivulini, plastiki inachachusha. Acha korodani zikiwa zimeshikamana na paja moja, kwani jinsia ya mnyama lazima ithibitike. Kuacha nyama porini ni kosa.

Mtu mmoja atabeba mizigo mitano hivi. Kilomita 5 kutoka gari ni mwendo wa kilomita 45 ukijumlisha safari za kurudia mizigo, nusu yake na zaidi ukiwa na kilo 25 au 30 mgongoni. Ukiwa peke yako usizidi kilomita 2.

Ukisharudi, nyama ikiwa kwenye friza, tia kengele kwenye simu: tarehe 1 Machi. Leseni mpya ya wanyama wadogo huanza kutumika siku hiyo. Inunue hiyohiyo siku, ile ya zamani ikiwa bado hai, usingoje tarehe 31.