Jinsi ya kufuatilia utumishi wa vita wa mhandisi wa ndegeni

Ukitaka kumjua mhandisi wa ndegeni aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia katika Jeshi la Anga la Uingereza, usiishie kwenye nishani yake. Nishani humvuta kila mtu, lakini mara nyingi husimulia usiku mmoja tu. Mimi ni fundi wa injini, na ninaposoma karatasi za watu hawa natafuta zaidi zile saa nyingi walizokaa mbele ya geji, usiku ambao hakuna aliyeusifu.

Hata hivyo nishani inaweza kukupa kitu cha thamani kubwa: namba ya jeshi. Majina hufanana, namba haifanani. Kama aliachia familia DFM (Distinguished Flying Medal, nishani ya ushujaa angani), igeuze uangalie ukingoni, utakuta namba, cheo na jina. DFC (Distinguished Flying Cross, nishani nyingine ya ushujaa angani) haina jina, ina mwaka tu. Zile nyota za kampeni walizopewa Waingereza wote hazikuandikwa majina kabisa, kwa hiyo muuzaji akikuambia seti fulani ni ya shujaa fulani, mdai karatasi. Wala usidhani DFM ni ushujaa wa daraja la chini. DFC ilikuwa ya maofisa na maofisa wateule, DFM ya walio chini yao, na wahandisi wengi wa ndegeni walikuwa masajenti. Ukiwa na jina na namba, tafuta tangazo la nishani kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo linasomwa bure kwenye intaneti.

Sasa fungua daftari lake la safari, kama lipo. Safari za mapigano za usiku kwa kawaida ziliandikwa kwa wino mwekundu, za mchana kwa kijani. Watu wengi hukimbilia kurasa nyekundu. Tafadhali soma za mwanzo kwanza. Hapo utaona mafunzo ya St Athan, Wales, kisha kituo cha kuzoeza ndege nzito, mahali ambapo kwa kawaida mhandisi alikutana na wenzake. Wale wengine walikuwa wameshazoeana. Yeye alikuja mwishoni, na ilibidi wamwamini haraka. Rudi nyuma zaidi pia, maana wengi walianza kama mafundi wa chini. Norman Jackson, mhandisi wa ndegeni aliyekuja kupata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, alihudumia injini za ndege za majini aina ya Sunderland huko Sierra Leone kabla ya kuomba kuruka.

Hatua inayofuata ni kitabu cha operesheni cha skwadroni yake. Hivi vimehifadhiwa kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya alama AIR 27. Fomu 540 ni muhtasari wa siku; Fomu 541 ndiyo unayoitaka, kwa sababu inataja ndege, wafanyakazi wake, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Iweke kando ya daftari lake, ulinganishe mstari kwa mstari. Zikipishana, andika zote mbili, usichague inayokupendeza.

Hapa ndipo ujue kazi yenyewe, la sivyo utasoma saa 8 angani ukadhani alikuwa abiria. Lancaster, ndege nzito ya kudondosha mabomu, kwa kawaida ilikuwa na injini 4 za Merlin na matangi 6, 3 kila bawa. Lile la ndani kabisa, kati ya kiwiliwili cha ndege na injini ya ndani, lilibeba galoni 580. La kati 383. La nje 114. Mhandisi alisimamia joto la injini na shinikizo la oili, akapiga hesabu ya petroli inayotumika, akaamua injini zinywe kutoka tangi lipi. Akikosea hesabu, watu 7 hawafiki nyumbani.

Ukilijua hilo, tangazo la nishani ya Jackson linasomeka vingine. Usiku wa Aprili 26 kuamkia 27, 1944, baada ya kupiga mabomu Schweinfurt, Ujerumani, Lancaster ya Skwadroni ya 106 ilishambuliwa na ndege ya kivita. Moto uliwaka juu ya bawa la kulia, karibu na tangi la petroli, kati ya kiwiliwili na injini ya ndani. Mhandisi hakuhitaji kuambiwa pale pana nini. Akiwa tayari amejeruhiwa na vipande vya risasi, alisukuma mtungi wa kuzimia moto ndani ya koti lake, akatoka kupitia juu ya chumba cha rubani, ndege ikienda maili 200 kwa saa. Parachuti ikamfungukia ndani ya ndege, wenzake wakazishika kamba. Aliteleza, akadaka tundu la hewa kwenye ukingo wa bawa, mtungi ukamponyoka, kisha akapeperushwa kupitia kwenye miali, parachuti ikiungua. Alitua akiwa amevunjika kifundo cha mguu, mikono imeungua vibaya.

Angalia tarehe sasa: tangazo ni la Oktoba 26, 1945. Ndege haikurudi Metheringham, kituo cha skwadroni yake, kwa hiyo waliomsubiri hawakuweza kujua alichofanya hadi wenzake walipotoka kwenye kambi za mateka. Ndiyo maana, ndege ikiwa haikurudi, usikome kwenye AIR 27. Tafuta kadi za mateka za Wajerumani, WO 416, na madodoso ya mateka waliokombolewa, WO 344, pale pale Kew. Faili lake binafsi pia uliulizie huko kabla ya kulipa ada popote, maana tangu 2022 mafaili ya utumishi yamekuwa yakihamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi.

Ukishakusanya vyote, panga kwa tarehe kwenye karatasi moja, na kila safari uandike waliokuwa naye. Wafuatilie nao. Katika ndege ya Jackson, rubani Fred Mifflin na mpiga bunduki wa mkiani hawakunusurika. Majina ya waliokufa utayapata kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.