Kitenzi cha "kwenda" ni vitenzi vitatu ndani ya kimoja

Wewe unayejifunza Kifaransa, najua pale pa "kwenda" panapokukwamisha: je vais (naenda), nous allons (tunaenda), j'irai (nitaenda). Usikariri kama kasuku. Hayo ni mabaki ya vitenzi tofauti vya Kilatini vilivyokuja kuishi nyumba moja. Vais, vas, va na vont vimetoka kwa vadere, kwenda. Irai ni ya ire, nayo ni kwenda. Allons wataalamu wengi huihusisha na ambulare, kutembea.

Chora safu tatu daftarini, kila umbo uliweke chini ya mzazi wake. Ukihamia Kihispania, safu mbili unazo tayari: voy (naenda), vas (unaenda), vamos (tunaenda) ni za vadere; ir (kwenda), iba (nilikuwa nikienda), iré (nitaenda) ni za ire. Ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi: fui, "nilikwenda", imeazimwa kutoka kitenzi cha kuwa. Kwa hiyo fui maestro ni "nilikuwa mwalimu", na fui a Madrid ni "nilikwenda Madrid". Neno lile lile! Kireno nacho kina fui hiyo hiyo. Kiitaliano kina vado (naenda) na vanno (wanaenda), za vadere pia, lakini "tunaenda" ni andiamo.

Vitenzi vya kila siku ndivyo vinavyokaidi kanuni, hata kwetu: kula ni "kula!", kwenda ni "nenda!", na kuja, badala ya "ja!", ni "njoo!"