Talaka na pensheni: hesabu ya kufanya kabla ya kutia sahihi

Wanandoa wanaoachana Nairobi hugombania nyumba, gari na ploti ya Kitengela. Pensheni hukumbukwa wakati makubaliano yameshafika kortini Milimani. Kwa aliyeajiriwa miaka mingi, huenda hiyo ndiyo mali yake kubwa zaidi baada ya nyumba.

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 haitaji pensheni kwa jina. Inagawa mali ya ndoa kwa kufuata mchango wa kila mmoja, na kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango pia. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba anamshikia na mwenzake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa katika ndoa si nusu kwa nusu moja kwa moja, kwa hiyo kudai nusu bila ushahidi wa mchango ni kujitafutia hasara. Waislamu wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu.

Anza na karatasi. Unahitaji taarifa mbili za akaunti ya mwanachama: iliyo karibu zaidi na tarehe ya harusi, na ya wakati mlipotengana. Kama akaunti ni ya mwenzako, usipoteze siku ukienda kuiuliza, kwa kuwa wadhamini wa mfuko, yaani wanaousimamia kwa niaba ya wanachama, hawatakupa. Wakili wako aombe korti iamuru itolewe. Wakati huo tafuta hati za mshahara na fomu za P9 (za kodi ya mwaka kutoka kwa mwajiri) zilizobaki nyumbani. Makato ya pensheni huonekana humo, na hayo yanatosha kuonyesha kwamba mfuko upo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme salio lilikuwa shilingi 600,000 siku ya harusi, na miaka 10 baadaye ni 2,400,000. Ukitoa tu, unapata 1,800,000. Lakini zile 600,000 za kabla ya ndoa nazo zilizaa. Kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka zingefika karibu 1,295,000, kwa hiyo kilichojengwa ndani ya ndoa ni kama 1,105,000. Mwenye akaunti asipoitaja tofauti hiyo, hakuna atakayemtajia. Tumia viwango halisi vya faida vya kila mwaka kutoka kwenye taarifa, si makisio kama haya yetu.

Kujua kiasi si kupata pesa. Talaka haimo katika sababu za kutoa pensheni kabla ya wakati, na Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 inazuia michango kukamatwa kwa sababu ya hukumu dhidi ya mwanachama, isipokuwa kwa kufuata kanuni za mfuko wenyewe. Soma kanuni hizo kabla ya kukubali chochote. Agizo linalosema "alipwe asilimia 40 ya pensheni" bila kueleza lini, kutoka mfuko upi na kwa hesabu ya tarehe gani, litakwama mezani kwa wadhamini.

Kwa maoni yetu, mara nyingi ni afadhali kufidia: mwenye pensheni abaki nayo, mwenzake achukue sehemu kubwa zaidi ya ploti au ya akiba ya Sacco. Ila msilinganishe shilingi kwa shilingi. Ploti inauzwa leo. Pensheni imefungwa kwa miaka, na ikitolewa mapema huenda ikakatwa kodi. Akiba ya Sacco nayo haitoki ikiwa mwenye nayo amedhamini mikopo ya wengine. Mkikubaliana, wakili aandike makubaliano na korti iyasajili kama amri. Kumbukeni kwamba kesi ya talaka na ya mali ni mbili tofauti.

Wadhamini wakikataa amri iliyo wazi, waandikieni kwanza, kisha pelekeni lalamiko kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni, Rahimtulla Tower, Upper Hill.

Baada ya talaka, badilisha fomu ya wateule, yaani uliowataja walipwe ukifa. Mwanachama akifa, mafao hayaingii katika mirathi. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, na fomu ndiyo wanayoangalia kwanza. Wosia mpya hauifuti. Fanya hivyo katika kila mfuko: wa mwajiri, wa binafsi, NSSF na Sacco, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.