Koili ya taa ya kurekebisha: cheza na mwanya, sio waya

Kama unasuka koili ya kupunguza ampia za taa (choki ya tyubu au ya taa ya mvuke), usihangaike kuongeza na kupunguza mizunguko ya waya kila saa, acha mwanya mdogo kati ya vipande vya chuma cha katikati, weka karatasi ngumu au plastiki hapo, halafu rekebisha unene wake. Mwanya ukiongezeka koili inazuia umeme kidogo, ampia zinapanda, ukipungua zinashuka. Hapo hewa ndio inakuwa kizuizi kikubwa cha sumaku kuliko chuma chenyewe, kwahiyo kipande chembamba tu kinabadilisha mambo sana. Na kumbuka kwenye chuma cha E na I (vipande vyenye umbo la herufi hizo) sumaku inavuka mwanya mara mbili, so karatasi ya nusu mili inahesabika kama mili moja.

Ila mizunguko ikiwa michache tangu mwanzo mwanya hautakuokoa, chuma kitajaa sumaku, ampia zitaruka na koili itachemka. Mfano volti 200 kwenye koili, hezi 50, chuma cha katikati chenye mkato wa sentimita 10 za mraba, anzia kama mizunguko 750. Halafu ukishapata kipimo banza chuma vizuri maana kikilegea kinanguruma balaa. Kwenye DC (umeme kama wa betri) koili hii haifanyi kazi kabisa, na LED zenye draiva yake (kifaa chake cha kudhibiti umeme) usijaribu.

Zima umeme kila unapobadilisha karatasi, mita ya ampia ikae kwenye mstari mmoja na taa, tyubu ya wati 36 inataka kama ampia 0.43.