SOMO: Kuchagua vyumba kwenye meli ya kitalii ukiwa na bibi, babu, wajukuu na kichanga

Haya wadau, hili somo niliahidi tangu mwezi wa 12 nikawa napiga chenga, leo watoto wamelala mapema nimekaa na chai yangu naandika. Ni refu, mnivumilie.

Nianze na kosa langu maana ndo lililonifundisha. Mara ya kwanza mama alipokuja toka Tanga tukasema safari hii apumzike kweli, tukakata kruzi ya siku 7 inayoondokea Galveston, ni kama mwendo wa saa moja kwa gari toka hapa Houston tunapoishi. Mimi kwa mapenzi yangu nikamchukulia mama chumba chenye balkoni, ghali kuliko chetu, juu kabisa na mbele kabisa ya meli, nikijua hapo ndo nimemheshimu. Ilikuwa Januari. Usiku wa kwanza upepo wa kaskazini ukaingia Ghuba ya Mexico, meli ikaanza kwenda mrama, bahari ikamlevya mama wa watu mpaka akashindwa hata kunyanyuka kitandani, na sisi tuko sitaha (ghorofa za meli) tano chini hatuna habari. Asubuhi namkuta amejikunja ananiambia "mwanangu, umenipandisha juu ya mnazi halafu mkautikisa". Baba yake alikuwa na jahazi Pangani huko, kwahiyo mama akaniambia hata kwenye jahazi mgonjwa halazwi omo. Ule msemo wa kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngamani ni katikati kule chini) nimeusikia tangu utoto, ila siku ile niliuelewa kwa tumbo. Zile siku zilizobaki mama alilala chumbani kwetu kwenye kochi, na balkoni yake ya hela nyingi tukawa tunaanikia nguo za kuogelea.

Safari ya pili tulikuwa watu 9: mama (72), baba mkwe (78, anatumia kiti cha matairi), mimi na mume wangu, watoto wetu watatu wa miaka 15, 9 na 4, na mdogo wangu na kichanga chake cha miezi 10. Hii ilienda vizuri, na ndo nawaelezea jinsi tulivyoipanga.

HATUA YA 1: Orodhesha watu kabla hujafungua tovuti ya bei

Chukua karatasi, andika kila mtu na shida zake. Nani anaamka usiku kwenda chooni mara tatu, nani anakoroma, nani ana sindano za sukari zinazotaka friji, nani analala saa mbili usiku na nani saa nane. Ukianza na bei utajikuta umenunua vyumba halafu unalazimisha watu waingie humo kama viatu vya mtumba.

Angalia na umri wa kichanga. Meli nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6, na zile safari za kuvuka bahari kuu siku nyingi bila kugusa nchi kavu wanataka awe ametimiza miezi 12. Hesabu umri atakaokuwa nao siku ya kupanda meli, sio leo unapokata.

HATUA YA 2: Anza na chumba cha yule asiyejiweza, wengine mtapangwa kumzunguka

Hapa ndo wengi tunakosea, tunajichagulia sisi wenye hela halafu wazee wanapewa kilichobaki. Vyumba vya watu wenye ulemavu viko vichache sana kwa kila meli na vinaisha mapema, miezi mingi kabla. Mlango wa chumba cha kawaida kwenye meli nyingi ni inchi 22 au 23 tu, kiti cha matairi cha kawaida hakipiti! Na usijipe moyo kwamba kitaachwa nje kwenye korido, hairuhusiwi, korido lazima iwe wazi kwa ajili ya moto, kwahiyo mzee analala ndani na kiti kinalala ndani. Chumba chenyewe cha walemavu mlango ni kama inchi 32, bafu halina kizingiti, anaingia na kiti mpaka chini ya bomba, kuna vyuma vya kushikilia. Watakupa fomu ya kujaza kuthibitisha kwamba kweli kuna mhitaji.

Hata kama mzee wako anatembea vizuri, uliza habari za kizingiti. Bafu za kawaida za meli zina kizingiti cha kupanda, na mlango wa balkoni nao vilevile, mguu wa mzee usiku wa manane hauoni hivyo vitu.

Bandari nazo ziangalie hapohapo. Cozumel meli inafunga gatini, mnashuka kwa miguu. Grand Cayman na Belize City meli inatia nanga nje halafu mnashushwa kwa mashua, bahari ikichafuka kidogo mwenye kiti cha matairi anaambiwa abaki melini. Baba mkwe ilibidi tukubaliane mapema kwamba siku ya Grand Cayman anabaki na mume wangu wanacheza karata, hakununa kwasababu alijua.

HATUA YA 3: Katikati na chini

Fungua ramani ya sitaha ya meli yenyewe (kila meli ina yake, za kampuni moja pia zinatofautiana). Meli ikiyumba, omo inapanda na kushuka kama bembea, na kadri unavyokaa juu ndo unavyosukwa zaidi. Tezi nako kuna mtetemo wa mitambo. Katikati ya meli, sitaha za chini, hapo ndo mtu anatulia. Na wakati wa baridi ile Ghuba ya Mexico inachachamaa, halafu Galveston kuna ukungu unaweza kuchelewesha meli kuingia bandarini. Kuanzia Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga. Hamna mwezi usio na lake, chagua tu shida unayoiweza.

Ukishapata eneo, tazama sitaha ya juu yake na ya chini yake. Chumba kizuri kina vyumba juu, vyumba chini. Juu yako kukiwa na bwawa la kuogelea utasikia viti vinaburutwa saa kumi na moja alfajiri, chini yako kukiwa na disko mtoto halali. Ukiona kwenye ramani sehemu nyeupe haijaandikwa kitu, mara nyingi ni stoo au jiko la wafanyakazi, kimbia.

Lifti iwe karibu ila msitazamane nayo. Hizi meli zina urefu wa mita 300 na zaidi, korido moja mzee akiikosea anaimaliza siku.

HATUA YA 4: Mlango wa kati

Sikilizeni hapa. Kuna vyumba vinavyopakana na kuna vyumba vinavyofunguka kwa ndani, havifanani hata kidogo. Kupakana ni majirani tu, ukimtaka mtoto unatoka koridoni. Vile vinavyofunguka vina mlango kati yake, na kwenye ramani vimewekewa alama. Sisi tulichukua viwili vya hivyo: kimoja mimi, mume na watoto wawili wadogo, cha pili mama, mdogo wangu na kichanga. Mlango wazi mchana kutwa, usiku unarudishwa. Bafu mbili, vyoo viwili, yani raha, na bei ya vyumba viwili vya ndani visivyo na dirisha mara nyingi iko chini kuliko kile kimoja kikubwa cha kifahari. Ubaya wake ule mlango unapitisha sauti, kwahiyo usiuchukue kama jirani yako sio ndugu yako.

Sasa na baba mkwe? Wifi mmoja alinishauri tuchukue vitatu vinavyofunguka ili wote tuwe pamoja. Nikamwambia hapana, yule ni mkwe wangu, nitatokaje bafuni na khanga moja huku mlango wa mkwe uko wazi? Yeye mwenyewe angeteseka kuliko mimi, angekaa amevaa kanzu mpaka usingizini. Tukamuweka ng'ambo ya korido, hatua nne, na mjukuu wake wa miaka 15 akalala naye anamsukuma kiti na kumletea chai. Kila mtu akabaki na heshima yake. Wazungu wanaoandika miongozo hii hawaligusi hili, sisi tulipange wenyewe.

HATUA YA 5: Majina kwenye karatasi

Kampuni nyingi zinataka kila chumba kiwe na mtu mzima, wengine wanasema miaka 21, wengine 25. Ukiwa na vyumba viwili vya mume, mke na watoto, unaandikisha baba na mtoto huku, mama na mtoto kule, mkishapanda mnaenda mapokezi mnaomba kadi za ziada mnalala mnavyotaka. Ila usihamishe watu kienyeji bila kuwaambia, maana kila chumba kina idadi yake ya juu na inahusiana na maboti ya kuokolea watu. Ndo maana saa ingine chumba unakiona cha watu wanne lakini wanakataa wa nne.

HATUA YA 6: Bei, kwa haraka

Bei mnayoiona ni ya mtu mmoja kwenye chumba cha watu wawili. Mama akilala peke yake analipa kama wawili au karibu na hapo. Mtu wa tatu na wa nne kawaida wanalipa pungufu, ila wanalalia kochi la kukunjua au kitanda kinachoteremshwa toka darini. Bahashishi inahesabiwa kwa kila kichwa, kama dola 16 mpaka 20 kwa siku, kampuni zingine hata kichanga, kwa watu 9 siku 7 piga mwenyewe.

Ile ofa ya rahisi ambayo kampuni inakuchagulia chumba baadaye, ukiwa na familia iogope kama ukoma. Mtatawanyishwa sitaha nne.

HATUA YA 7: Piga simu

Usiishie kubofya. Piga, sema booking hizi tatu ni familia moja ziunganishwe, meza ya chakula iwe moja, kitanda cha kichanga kiwekwe (kinakula nafasi yote ya sakafu, jiandae), vitanda vya mama vitenganishwe, na friji ya dawa iletwe, kwasababu kale kafriji ka chumbani kanapoza kidogo tu, hakaaminiki kwa insulini. Halafu ngojea wakuandikie kwa email.

Maswali yenu sasa, yale yaliyokuja mengi.

Mdau wa Dallas: Kwahiyo balkoni haina maana kabisa?
Sijasema hivyo dada. Kama mzee wako hatoki toki na anapenda kuangalia maji, balkoni ya katikati sitaha za kati ni nzuri sana. Mimi nina mtoto wa miaka 4 anayepanda kila kitu, kwahiyo nililala vizuri bila balkoni. Na ukichukua mbili zinazopakana, kwenye baadhi ya meli mhudumu anaweza kufungua kile kizuizi cha katikati ikawa baraza moja ndefu. Omba tu.

Mdau wa Minneapolis: Mama yangu anaswali, nafasi ya mswala ipo? Na choo je?
Chumba cha ndani ni kama futi za mraba 150 mpaka 190, vitanda vikitenganishwa katikati mswala unaingia. Kibla kinabadilika meli ikigeuka, kwahiyo aangalie kwenye simu kila wakati, na dira ya simu humo ndani kuta ni za chuma inadanganya, atoke kidogo nje apime kisha arudi. Choo cha kufyonza kwa upepo, maji ya kutawazia humo chooni hamna. BEBENI KOPO. Nasema tena, kopo.

Mdau wa Columbus: Kuta za chuma kweli?
Kweli, nunua kulabu za sumaku, unatundika kofia, taulo, pempasi, kila kitu. Chumba kidogo kinaongezeka.

Kaka wa Toronto: Bibi akitaka kupika chai yake na tangawizi?
Birika la umeme watalichukua getini, pasi pia, na chakula ulichopika nyumbani hakipandi. Maji ya moto yapo kule juu kwenye bafe muda mwingi, beba majani yako na tangawizi ya unga kwenye pakiti iliyofungwa dukani. Mjukuu atumwe na chupa ya chai.

Mdau wa Dallas tena: Viza ya mama ya kutembelea Marekani inatosha?
Meli inatoka nje ya nchi na kurudi, kwahiyo hakikisha viza yake ni ya kuingia zaidi ya mara moja, sio ya mara moja ikaisha. Mexico wanamkubali mwenye viza halali ya Marekani. Bandari zingine kila moja na sheria yake, uliza kampuni ya meli kwa pasipoti ya mama yenyewe, usiulize kwa pasipoti yako.

Mdau wa Kansas City: Mashine ya kupumulia usiku ya mzee inaruhusiwa?
Ndiyo, toa taarifa mapema, waombe waya wa kurefushia umeme wa kwao maana wa kwako unaweza kuzuiwa, na maji yale maalum ya mashine uliza kama wanayo.

Wifi: Na mama alikubali kupanda tena baada ya ule mnazi?
Alikataa miezi minane. Nikamuonyesha ramani, nikamwekea kidole pale katikati chini, akaangalia akasema "hapo sawa, hapo ni ngamani". Sasa hivi ndo anatuuliza sisi lini.