Ramani yako ya Doom ikubali mpaka kwenye enjini za zamani, hatua kwa hatua

Ramani ya kwanza niliyoijenga kwa moyo wote niliitesti kwenye GZDoom tu, enjini ya kisasa (enjini ni programu inayoendesha gemu la Doom), kila kitu kikawa shwari, milango inafunguka, mwanga umekaa vizuri, nikaitoa. Siku hiyohiyo jamaa mmoja anayecheza kwa Chocolate Doom akaniambia akifika juu ya ngazi za ua wa pili gemu linajifunga lenyewe. Nikajaribu mwenyewe, na kweli, unapanda fresh mpaka kidato cha mwisho, ukigeuka tu kuangalia ulikotoka inakrashi. Kuirekebisha kulinila siku nyingi kuliko kuijenga, na nimeandika hii ili wewe usipitie huko.

Jambo kubwa ni hili: ramani iliyojengwa kwa enjini ya chini inachezeka kwenye karibu zote za juu yake, ila ya juu haishuki chini bila kubomoa. Kwa hiyo unaanzia chini.

Hatua ya 1: Chagua enjini ya chini kabisa kabla hujachora hata laini moja (mstari wa ukuta au wa kutenganisha sehemu, unaoweza kupewa kazi kama kufungua mlango)

Msimbo wa Doom ulitolewa kwa umma Desemba 1997, na baada ya hapo kila timu ikaenda na njia yake, ndo maana leo kuna madaraja. La chini kabisa ni vanila, yani Doom toleo 1.9 yenyewe kama ilivyotembea kwenye DOS, ambayo Chocolate Doom inaiiga mpaka makosa yake. Juu yake kuna enjini zilizoondoa mipaka (vikomo vya idadi ya vitu) tu bila kuongeza mambo mapya, kama Crispy Doom. Alafu kuna Boom ya mwaka 1998, kazi ya TeamTNT, iliyoleta aina nyingi za laini. Kisha MBF, iliyojengwa juu ya Boom, halafu MBF21 ya mwaka 2021, na juu kabisa ramani za UDMF (muundo mpya wa kuandika ramani) za kwenye GZDoom.

Ushauri wangu, kama hauhitaji kitu maalum cha Boom, lenga enjini zilizoondoa mipaka. Vanila kamili ni kazi nzuri sana na naiheshimu, ila ujue unajifunga mikono kwa makusudi.

Hatua ya 2: Iambie edita ulichochagua

Kwenye edita ya Ultimate Doom Builder ukifungua ramani mpya unaulizwa aina ya gemu. Chagua ya Doom 2 kwa muundo wa Doom, usichague UDMF eti utabadilisha baadaye, hautabadilisha, utalia. Ukichagua sahihi edita yenyewe haitakuonyesha laini ambazo enjini yako haizijui. Na kama umeokota kipande cha ramani sehemu nyingine, cheki namba za laini: vanila inaishia 141, kwa hiyo ukiona namba iliyozidi hapo hiyo ni ya Boom au ya juu zaidi, na zile zinazoanzia 12160 kwenda juu ndo laini za Boom za kujipangia mwenyewe. Kwenye vanila hazifanyi chochote, mchezaji anasukuma swichi mpaka anachoka.

Hatua ya 3: Visipleni, hapa tulia kabisa

Kama unalenga vanila, hiki ndo kitakachokuua. Visipleni ni kipande cha sakafu au dari ambacho enjini inakichora kwa pamoja, na vanila inaruhusu 128 tu kwa mtazamo mmoja. Zikizidi gemu linafungwa na ujumbe wa "no more visplanes". Sakafu mbili zinahesabika kama kitu kimoja pale tu zinapokuwa na urefu uleule, flati (picha ya sakafu au dari) ileile na mwanga uleule, kikitofautiana kimoja tu basi hizo ni mbili, na hata zikifanana zote enjini inaweza kuzikata vipande zikipishana vibaya kwenye skrini.

Sasa angalia ule ua wangu. Ngazi zilikuwa na vidato vingi, na mimi nilitaka mwanga uongezeke taratibu, nikaweka 160, 162, 164, hivyohivyo mpaka juu. Kumbe enjini inachora mwanga kwa viwango 16 tu, yani kuanzia 160 mpaka 175 jicho halioni tofauti yoyote, ila kwenye kuhesabu visipleni kila namba ni kitu tofauti. Nilikuwa nalipia kitu ambacho hakuna mtu anakiona! Nikabadilisha mwanga wote ukawa namba zinazogawanyika kwa 16, na zile sakafu za pembeni ya ngazi zilizokuwa na urefu mmoja zikaungana zenyewe, hesabu ikashuka sana bila ua kubadilika sura hata kidogo.

Na kwa nini ilikrashi juu tu? Kwa sababu sakafu iliyo juu ya jicho lako haichorwi, na jicho la mchezaji liko uniti 41 kutoka anaposimama. Ukiwa chini unaona vidato vichache, ukiwa juu unaviona vyote pamoja na ua mzima. Kwa hiyo unapotesti panda sehemu za juu, simama kwenye kona, geuka pole pole. Kitu kingine cha kukusaidia ni anga: dari zote zenye anga enjini inazichukulia zina urefu mmoja na mwanga mmoja, hata kama kwenye edita umeweka tofauti, so ua wa wazi kwa upande wa dari ni nafuu kuliko ukumbi wenye paa la kupandapanda.

Ultimate Doom Builder ina kifaa kinaitwa Visplane Explorer, kinapaka ramani rangi kulingana na hesabu ya kila sehemu. Kitumie mapema, kila ukimaliza chumba, usisubiri ramani nzima. Ila ni makadirio, bado utembee mwenyewe.

Hatua ya 4: Mipaka mingine ya vanila

Vipande vya ukuta vinavyoonekana kwa pamoja ni 256. Hapa haikrashi, ukuta wa ziada haupakwi tu na unaona ule mchanganyiko wa picha za nyuma unaojivuta kwenye skrini. Dawa ni kukata mtazamo, weka ukuta au pindisha korido.

Sevu nayo ina kikomo, baiti 180224. Ramani yenye maadui wengi inaweza ikachezeka vizuri kabisa alafu mtu akisevu gemu linafungwa, na hiyo inauma kuliko zote, mtu kafika mwisho. Sevu kila baada ya muda ukiwa unatesti, hasa wakati maadui wengi wameshaamka.

Teksicha (picha ya ukuta): ile yenye urefu chini ya 128 ukiiweka kwenye ukuta mrefu kuliko yenyewe inatoa madoa ya rangi ovyo. Na teksicha iliyounganishwa kwa picha zaidi ya moja usiiweke katikati ya laini yenye pande mbili, gemu litakuwa zito mpaka halisogei.

Alafu laini yenye kazi lakini tagi yake (namba inayoiunganisha na sehemu inayoiendesha) ni 0. Kwenye enjini mpya mara nyingi hakuna kinachotokea, kwenye vanila inaweza kushusha kila sakafu isiyo na tagi kwenye ramani nzima.

Hatua ya 5: Kama kuna modi ndani

Tabia za vanila zinabadilishwa kwa DeHackEd tu (kifaa cha kubadilisha tabia na maneno ya gemu), na maneno mapya yasizidi nafasi ya yale ya mwanzo. Faili la DeHackEd ukilificha ndani ya WAD (faili linalobeba ramani yako), Chocolate Doom haitalisoma mpaka mchezaji aweke `-dehlump`, kwa hiyo toa na nakala ya pembeni ya kufungulia kwa `-deh`. Picha mpya za maadui pia, kule zinahitaji `-merge` badala ya `-file`, sema hivyo kwenye maelezo.

Wa GZDoom, ule mstari wa `version` juu ya ZScript yako (msimbo wa modi za GZDoom) andika namba ndogo kabisa inayotosha kwa vitu unavyotumia. Watu wanakopi namba ya toleo walilonalo leo, na mwenye GZDoom ya zamani anakataliwa mlangoni bila sababu yoyote ya maana.

Hatua ya 6: Testi kwenye enjini kali kuliko zote ulizoahidi

Kwa vanila:

`chocolate-doom -iwad doom2.wad -file ramani.wad -warp 1`

Kwa zilizoondoa mipaka, tumia enjini ya DSDA-Doom:

`dsda-doom -iwad doom2.wad -file ramani.wad -complevel 2 -warp 1`

Kwa Boom badilisha 2 iwe 9, MBF ni 11, MBF21 ni 21. Angalia hapa wengi wanapotea: `-complevel 2` inaiga tabia za Doom 2 ya zamani, ila mipaka ya visipleni hairudishi. Ikipita hapo, kwenye maelezo usiandike vanila, andika imeondolewa mipaka.

GZDoom iache ya mwisho. Ile inasamehe sana, hata teksicha uliyoisahau kwenye ukuta wakati mwingine inaziba yenyewe na wewe huoni kosa.

Hatua ya 7: Andika

Kwa SLADE (programu ya kuhariri WAD) ongeza ndani ya WAD faili la maandishi liitwe COMPLVL, ndani uandike neno moja: vanilla, boom, mbf au mbf21. DSDA-Doom itajipanga yenyewe. Kwenye maelezo taja enjini ulizotesti na matoleo yake.

Mtu akikuletea kosa muulize enjini na toleo, komandi aliyotumia, na alisimama wapi akiangalia upande gani. Hilo la mwisho usiliache, manake krashi yangu ya uani, ukisimama palepale juu ya ngazi ukaangalia ukutani, haitokei kabisa.